Ramani Niliyowachorea Watazamaji

Nilikosea. Nilichagua programu ya kuchorea ramani kabla sijajiuliza ramani yenyewe itafanya kazi gani. Kosa hilo lilikula miezi minane ya usiku wangu, likawachosha marafiki wanne, na likauvunja mchezo tuliokuwa tumeucheza kwa raha kwa mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyenidanganya. Programu haikuwa mbovu. Aliyekosea ni mimi.

Nakuandikia wewe unayeongoza mchezo wa mezani, au unayetunga riwaya ya nchi isiyokuwepo, kwa sababu iko siku utakaa pale nilipokaa: watoto wamelala, programu nne tano ziko wazi kwenye kompyuta, na kila moja inakuonyesha ramani nzuri kuliko iliyotangulia. Ukifika hapo, ningependa uwe na swali moja mkononi ambalo mimi sikuwa nalo.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni mwongozaji, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake: nahodha, mganga, askari, mwizi. Mwongozaji anaeleza dunia, wachezaji wanasema wanachotaka kufanya, na penye shaka dadu inaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Sisi tunaucheza kwa Kiswahili, Jumamosi jioni, sebuleni kwangu Dar es Salaam, kwa kanuni tulizozifasiri wenyewe huku tukicheza. Dunia yetu ni pwani ya kubuni: miji ya mawe, majahazi, mikoko, na ziwa kubwa bara.

Kwa mwaka mmoja na nusu hatukuwa na ramani, ila daftari langu la hesabu, lile la miraba. Mchezaji akiniuliza mahali, nilifungua ukurasa, nikaweka nukta, nikaandika jina. Mwendo wa siku moja ulikuwa miraba mitatu. Nilichora vibaya, lakini tulijua tulipo. Leo najua kwamba J.R.R. Tolkien naye alitumia karatasi ya miraba kwa baadhi ya ramani zake, ili apate hesabu ya mwendo wa wahusika wake siku hadi siku. Wakati ule sikujua, na daftari lile nililionea aibu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonitia mkononi mwa kosa. Nilikuwa nimeona ramani za waongozaji wengine: karatasi iliyopauka kama ngozi ya zamani, milima yenye kivuli upande mmoja, bahari iliyojaa mistari ya mawimbi. Nikasema yangu nayo iwe hivyo. Machi 2022 nikaanza kutafuta programu.

Namna nilivyotafuta inafaa uione, maana kila hatua ilikuwa na mlango wa kutokea na mimi nikaupita. Ya kwanza niliyoifungua ilikuwa Campaign Cartographer, programu ya kampuni moja ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1993. Imejengwa juu ya programu ya michoro ya kihandisi, ya aina wanayotumia watu wa ramani za majengo. Kila mstari ndani yake ni kitu kinachojitegemea: unaweza kuushika, kuupunguza, kuusogeza, na kupima urefu wake kwa maili au kilomita. Niliitazama kwa dakika ishirini, nikaona vitufe vingi na sura ya ofisini, nikaifunga. Ya pili ilikuwa ile ya Azgaar, inayotumika bure kwenye kivinjari. Hiyo inakutengenezea dunia nzima kwa sekunde chache, na mito inatiririka kufuata mwinuko, na ukigeuza mwelekeo wa upepo wa ukanda fulani mvua nayo inahama. Ina hata orodha ya majina ya miji iliyopewa jina la Kiswahili. Nikasema inafanana na atlasi ya shule, nikaifunga. Ya tatu ilikuwa Wonderdraft, unayolipia mara moja tu na inayofanya kazi bila intaneti. Hiyo nilisita kidogo, kisha nikaona picha za ile ya nne.

Ya nne sitaitaja, kwa kuwa sitaki ibebe mzigo wangu. Ilikuwa ya kwenye kivinjari, ya kulipia kwa mwaka, na picha zake zilikuwa nzuri kupita zote. Nililipa usiku ule ule.

Sikuuliza kama inapima umbali. Sikuuliza faili litakuwa na ukubwa gani siku ya kulichapa. Sikuuliza kama naweza kuirefusha au kuifupisha pwani baada ya kuweka miji. Sikuuliza kama majina ya miji yanaweza kutoka kama orodha. Majibu ya maswali yote manne yalikuwa kwenye maelezo ya programu yenyewe, yameandikwa wazi. Sikuyasoma. Niliangalia picha.

Miezi iliyofuata nilifanya kazi kwa bidii, na bidii hiyo nakiri ilinipa furaha. Mtu aliyewahi kuchora ramani namna hii anajua inavyonasa. Unaipaka nchi kavu kwa brashi, kisha unaanza kuweka alama moja moja: mnazi, mnazi, mnazi, kibanda, mnazi. Unautazama ufuo kwa karibu, unaona minazi miwili imeshikana, unausogeza mmoja kwa unywele. Saa inakuwa saba usiku bila wewe kujua. Niliweka majina 214. Nilizunguka ghuba moja kwa wiki nzima nikiitafutia mpindo ninaoutaka. Kila kipande nilichokimaliza nilikiweka kwenye status ya WhatsApp, na watu wakasifu. Shemeji yangu aliyeko Muscat alinipigia kuniuliza ni nchi gani hiyo.

Sifa hizo ndizo zilizoniendesha, na hili ni gumu kwangu kulikiri kuliko mengine yote. Sikuwa nachora kwa ajili ya wachezaji wanne walioketi sebuleni kwangu. Nilikuwa nachora kwa ajili ya watakaoitazama ramani kwenye simu kwa sekunde tano. Mtazamaji haombi ramani imwambie kitu. Msafiri anaomba. Mimi nilimchagulia mtazamaji programu, kisha nikampa msafiri ramani.

Dalili ya kwanza nilipewa Novemba, kwenye duka la kuchapia mabango Kariakoo. Nilitaka karatasi ya A1, ambayo ni sentimita 84 kwa 59, ili itandazwe mezani. Kijana wa duka alifungua faili, akalikuza, akakaa kimya kidogo. Kisha akanigeuzia kioo.

“Kaka, hili lina pikseli 2,048 tu kwa upana. Picha itatoka, ila maandishi madogo hayatasomeka.”

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Pikseli 2,048 ukizitandaza kwenye sentimita 84 unapata 24 kwa kila sentimita. Chapa safi ya kusomwa kwa karibu inataka kama 118. Jina la kijiji lenye herufi za urefu wa milimita tatu lilikuwa limejengwa kwa pikseli saba kwenda juu, na kwa pikseli saba herufi e na herufi a zinakaribia kuwa kitu kimoja. Ukubwa huo wa turubai niliuchagua mwenyewe siku ya kwanza, kwa kubofya kilichokuwa mbele yangu, na baada ya hapo ukawa ndio msingi wa kila kitu nilichokiweka juu yake.

Nilimwambia achape hivyo hivyo. Alinionya, na mimi nikamlipa anifanyie alichonionya.

Jumamosi ile niliitandaza mezani kabla wageni hawajafika, nikaibana pembeni kwa vikombe. Walipoingia walishangilia kweli. Waliinama wakaitafuta miji waliyopita, na pale ambapo jina lilikuwa limefifia waliniomba niwasomee. Tukaketi, tukaanza. Safari iliyokuwa mbele yao ilikuwa ya baharini, kutoka bandari ya kaskazini hadi kisiwa cha kusini, kwenda kumwokoa sultani mdogo aliyefungwa huko.

Nahodha wa jahazi alichezwa na dada mmoja ambaye kazi yake ni fundi cherehani. Mezani tunamwita Nahodha, nami nitamwita hivyo hapa. Babu yake mzaa mama alikuwa baharia wa Kilwa Kivinje, na mambo ya bahari hayasemi kwa kubahatisha. Aliitazama ramani kwa muda, akafungua pochi, akatoa kigurudumu cha uzi mweupe. Akaushikiza ncha kwa kidole gumba kwenye bandari, akaanza kuulaza taratibu juu ya pwani, akiuingiza kwenye kila ghuba na kuutoa, mpaka akafika kisiwani. Akaukata kwa meno. Akaunyoosha kwenye futi yake ya kushonea.

“Sitini na mbili,” akasema. “Kaka, sentimita moja ni kilomita ngapi?”

Sikuwa na jibu. Kwenye pembe ya ramani nilikuwa nimeweka alama ya skeli, ile yenye vipande vyeusi na vyeupe, kwa sababu ilipendeza pale. Haikuwa na namba.

Mchezaji mwingine akataka kunisaidia. “Kutoka mjini hadi ziwani tulitembea siku mbili,” akasema. “Tuanzie hapo.” Hiyo tuliicheza mwaka uliopita, na wote waliikumbuka, kwa sababu usiku wa katikati ndipo tulipovamiwa kambini. Siku mbili kwa mguu ni kilomita kama 60. Nahodha akapima kutoka mji hadi ziwa: sentimita moja na nusu. Kwa hiyo sentimita moja ni kilomita 40. Akaandika kwa kalamu kwenye kiganja, 62 mara 40. Kilomita 2,480.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kilomita 2,480 ndiyo pwani niliyowaambia ni fupi kama ya kwetu. Kutoka Lamu hadi Kilwa kwa mstari ulionyooka ni kilomita kama 750. Pwani yangu ilikuwa imezidi mara tatu, na jahazi lenye upepo mzuri likienda kilomita 100 kwa siku lingetumia siku ishirini na tano. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimewasimulia kwamba sultani mdogo alitekwa bandarini, akapelekwa kisiwani, na mtekaji akarudi na barua ya kudai fidia, yote ndani ya wiki moja. Juu ya barua hiyo ndipo hadithi yote ilipokuwa imesimama.

“Na huyo mtekaji,” Nahodha akauliza, “alirudi kwa upepo gani?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Uso wangu ulipata moto, masikio yakaziba kidogo, kama mtu aliyesimama ghafla. Nilikuwa nimezaliwa pwani, nikachora pwani kwa miezi minane, na sikuwa nimeweka upepo. Kila mtu wa huku anajua kwamba kaskazi inavuma kuanzia Disemba hadi Machi ikisukuma vyombo kwenda kusini, na kusi inavuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi ikivirudisha kaskazini. Biashara yote ya zamani ilikwenda kwa kalenda hiyo. Wanahistoria wanaeleza kwamba Kilwa ilistawi kwa sababu moja kubwa: ilikuwa karibu na mwisho wa mahali ambapo chombo kutoka Uarabuni au India kingeweza kufika na kugeuza bila kulazimika kukaa mwaka mzima kikisubiri msimu. Upepo ndio uliouweka mji pale. Mimi miji yangu 214 niliiweka kwa jicho, penye nafasi.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliisikia utotoni ikisemwa juu ya watu. Usiku ule niliielewa kwa kitu nilichokitengeneza mimi.

Unaweza kuniuliza, kwa nini usiandike tu namba nyingine kwenye skeli? Nilijaribu, usiku ule ule, baada ya wageni kuondoka. Nikisema sentimita moja ni kilomita 12, pwani inakuwa kilomita 744, inakaa sawa. Lakini ziwa linakuja kilomita 18 kutoka mjini, mwendo wa asubuhi moja, na ile kambi ya usiku iliyovamiwa inakosa mahali. Bahari na bara vilikuwa na vipimo viwili tofauti kwa sababu nilivichora miezi tofauti, kila kimoja kwa ukubwa uliopendeza siku hiyo. Njia ya kweli ya kurekebisha ilikuwa kuishika pwani peke yake na kuifupisha, bara ikibaki ilivyo. Kwenye programu inayohifadhi mistari kama mistari, kazi hiyo ni ya jioni moja. Kwangu mimi nchi kavu ilikuwa rangi iliyopakwa kwa brashi, na minazi ilikuwa mihuri iliyogongwa juu yake. Kufupisha pwani kulimaanisha kufuta na kupaka upya. Na majina 214 yalikuwa ndani ya ramani tu, hayakuwa na orodha popote, kwa hiyo hata kuyahamishia kwingine kulitaka kuyaandika upya jina kwa jina.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia ukweli. Niliwaambia kwamba safari haiwezekani, kwamba barua ya fidia haiwezekani, na kwamba kosa ni langu. Walinihurumia, wakasema tuendelee, tujifanye hatukupima. Tukajaribu Jumamosi tatu. Haikuwezekana. Mchezo huu unategemea jambo moja: mchezaji akifikiri vizuri, dunia imlipe. Akipanga safari kwa makini, makini yake yawe na maana. Baada ya uzi ule kila mtu alijua kwamba umbali wa dunia yetu ni ule nitakaousema mimi jioni hiyo, basi wakaacha kupanga. Walitupa dadu na kusubiri niwaambie. Januari hatukukutana. Februari mmoja alihamishiwa Mwanza kikazi. Mwingine alisema kwa upole kwamba Jumamosi zake zimebanwa.

Gharama ilikuwa hii. Ada ya mwaka mzima ya programu. Pesa ya kuchapa A1. Miezi minane, kwa muda wa saa mbili au tatu kila usiku, mara nne kwa wiki. Mchezo mmoja. Wachezaji wawili ambao hawakurudi. Mke wangu hakunilaumu, lakini aliniuliza kama kuna nguo ya mtoto niliyoitazama kwa makini kama nilivyoitazama ile ghuba. Nilijibu hapana, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilipokuwa nimekaa bila mchezo nilisoma habari moja iliyonipa njia. Mwaka 1881, Robert Louis Stevenson akiwa Braemar, Uskoti, alichora ramani ya kisiwa wakati akimchangamsha mtoto wa mkewe, na kutoka kwenye ramani hiyo kikazaliwa kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wamekijua kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Kitabu kilipopelekwa kuchapwa, ramani ikapotea. Stevenson ikabidi aketi na maneno yake mwenyewe, apekue kila mahali alipotaja umbali au upande, kisha achore upya ramani inayokubaliana na yote aliyokwisha kuyasema. Aliieleza kama kazi ngumu, na ramani ile ya pili hakuipenda kama ya kwanza. Lakini ilikubaliana na kitabu.

Nikafanya kama yeye. Nilichukua daftari la miraba na kumbukumbu zote za Jumamosi zetu, nikaandika kila kitu ambacho wachezaji walikwisha kukiamini: mji hadi ziwa, siku mbili. Ziwa hadi mlima, siku tano na punda. Bandari hadi kisiwa, hadithi ilitaka siku zisizozidi nne. Yakawa mambo 37. Kwa mara ya kwanza nilijua ramani yangu inatakiwa kujibu nini. Nilipoyatazama yale 37, niliona kwamba 31 ni ya umbali na muda, manne ni ya nani anatawala wapi, na mawili tu ndiyo ya sura ya mahali. Programu niliyoinunua ilikuwa bora kabisa kwa hayo mawili.

Basi swali ninalokukabidhi ni hili: mchezaji wako, au mhusika wako, ataiuliza ramani nini mara nyingi zaidi? Liandike kabla hujafungua programu yoyote. Kisha liache swali likuchagulie.

Kama ni siku ngapi za njia, tafuta programu yenye miraba au pembesita na kipimo cha umbali kinachofanya kazi kweli. Hili si jambo jipya. Kanuni za mchezo huu za mwaka 1974 zilimshauri mwongozaji atumie ubao wa mchezo mwingine, Outdoor Survival wa kampuni ya Avalon Hill, uliokuwa umegawanywa pembesita, ili safari ihesabiwe kwa macho. Kama swali lako ni mvua inanyesha wapi na kwa nini mto unapita hapa, ile ya Azgaar itakupa jibu bila senti, na ukihifadhi faili kwenye kompyuta yako litabaki lako. Kama unataka mitaa ya mji mmoja kwa haraka, kuna ile ya Watabou inayokuchorea mji wa kale na kuta zake kwa kubofya mara moja, nayo ni bure. Kama pwani yako bado inabadilika, chagua inayohifadhi mistari. Na kama kweli unachotaka ni picha ya jalada la kitabu, ambayo hakuna atakayeipima kwa uzi, basi chagua nzuri kuliko zote na usione haya. Hiyo nayo ni kazi halali. Ubaya ni kutaka hiyo huku ukijiambia unataka nyingine.

Kuna mambo madogo matatu ambayo sasa nayafanya kabla ya kulipa. Nachora ghuba moja, kisha najaribu kuifupisha kwa nusu, nione kama miji inakwenda nayo au inabaki baharini. Nahesabu pikseli za karatasi ninayotaka kuchapa: kwa A1, hata nikikubali nusu ya ubora, upande mrefu unataka karibu 5,000. Na nasoma masharti ya leseni, hasa mstari unaosema kama ramani inaweza kuuzwa ndani ya kitabu, maana zipo programu ambazo ngazi yao ya bure inaruhusu matumizi ya nyumbani tu. Kazi zote tatu zinachukua saa moja. Saa hiyo ningeipata, Machi ile, kama nisingekuwa na haraka ya kusifiwa.

Ramani kubwa sikuitupa. Ilikaa nyuma ya kabati kwa miezi, imekunjwa kama mkeka. Mwaka uliofuata, Nahodha na yule aliyenisaidia na habari ya ziwa waliniambia wako tayari kuanza tena, na wageni wawili wameongezeka. Nikaitoa, nikaigeuza, nikapiga miraba ya sentimita moja kwa penseli na rula upande wa nyuma uliokuwa mweupe, ukanda wa pwani tu. Mraba mmoja kilomita kumi. Kabla ya kuchora ufuo nilichora mishale miwili pembeni: kaskazi, Disemba hadi Machi. Kusi, Aprili hadi Septemba. Mpaka sasa ina miji kumi na moja, na kila mmoja una sababu ya kuwa pale ulipo. Ikitulia, nitaihamishia kwenye programu. Nitajua ipi.

Jioni ya kwanza Nahodha aliitazama bila kusema. Akatoa uzi. Kutoka bandari hadi kisiwa ukaja sentimita 31.

“Siku tatu,” akasema. “Mwezi gani?”

“Januari.”

Akaufuata mshale wa kaskazi kwa kidole, kushuka. “Kwenda tunakwenda. Kurudi ni mpaka Aprili.” Akawageukia wenzake. “Kwa hiyo tubebe chakula cha miezi mitatu, au tujue nani kisiwani atatulisha.”

Wakaanza kubishana juu ya mchele. Akaukunja uzi, akaurudisha kwenye pochi, nasi tukaanza kupakia jahazi.